Shilingi 12 za Nyumba ya Pili

Mama ya babu yangu hakuwahi kuwa na kipande. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalenga wanaume: alama za vidole, mwajiri, mshahara, yote kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ukimtafuta mwanamume wa Kiambu wa enzi hizo, mkoloni alishakusaidia. Ukimtafuta mke wake, pole.

Lakini kulikuwa na kodi ya nyumba. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na mume alilipia kila nyumba. Kwenye mkebe wa majani chai alionipa shangazi nilipata risiti za baba ya babu, zimefungwa kwa uzi: shilingi 12, shilingi 12, mbili kila mwaka. Ile ya pili ndiyo yeye. Mtu mzima, ameandikwa kama jengo.

Kuanzia 1933, risiti ni moja tu. Sikushtuka. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba alikufa babu akiwa mdogo.

Kisha, chini kabisa ya mkebe, risiti ya karo ya babu, 1938. Karani ameandika aliyelipa: mama ya mwanafunzi, Pumwani.

Maiti hailipi karo.

Pumwani ilianzishwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika wa Nairobi. Huko wanawake waliotoka vijijini walipika pombe, walipangisha vyumba, na wengine wakamiliki nyumba zao wenyewe, jambo ambalo mashambani halikuwezekana kirahisi. Sasa nilielewa ile nyumba ya pili ilienda wapi.

Nikampigia simu. "Shangazi, mbona mlisema alikufa?"

"Mwanangu, aliondoka. Kwa wazee wale, ilikuwa kitu kimoja."

"Na jina lake? Hakuna karatasi hata moja yenye jina lake."

Akacheka. "Kwani mimi naitwa nani?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na shangazi ndiye binti wa kwanza wa babu. Yule mzee hakuwahi kutusimulia lolote kuhusu mamake. Lakini kila jioni alisimama mlangoni na kuliita jina lake kwa sauti, akimtaka binti yake arudi nyumbani.