Kiasi kwa Nani? Mapochopocho, Mafuta na Sahani ya Mlimani Burundi

Ushauri wa lishe unaosikika zaidi Afrika Mashariki siku hizi, iwe katika kliniki ya Nairobi, kipindi cha redio Dar es Salaam au semina ya Bujumbura, ni kwamba mtu ale mlo kamili na asijinyime mapochopocho, mradi awe na kiasi. Una mashiko ya kitaalamu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mwaka 2023 likasisitiza kwamba mafuta kwa jumla yasizidi asilimia 30. Kwa msomaji anayekaa ofisini mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa gari sina la kupinga. Ubishi wangu ni na wanaouchukua ushauri huo na kuupandisha kama ulivyo hadi vilima vya Burundi, wakimhubiria mkulima kiasi kana kwamba shida yake ni kuzidisha. Makala hii inadai kuwa katika mazingira ya vilima kama Nyamugari kiasi kina pande mbili, kima cha juu na kima cha chini, na kwamba nusu ya pili ya kanuni ndiyo iliyoachwa njiani. Inadai pia kuwa swali la nani katika kaya anayeonja lina uzito kuliko swali la ameonja mara ngapi.

Jina Nyamugari linapatikana Gitega, na linapatikana tena Muyinga, mkoa ambao tangu mageuzi ya utawala ya 2025 umo ndani ya Buhumuza. Sehemu zote mbili ni nchi ya maharagwe, viazi vitamu, mihogo, mahindi, mtama na migomba. Warundi wanahesabiwa miongoni mwa walaji wakubwa wa maharagwe duniani kwa kila kichwa, na mboga za majani, isombe ikiwamo, hazikosekani. Anayesoma orodha hiyo akiwa mbali atadhani amefika peponi pa wataalamu wa lishe: nafaka zisizokobolewa, kunde, mizizi, majani, nyama kidogo, sukari kidogo. Lakini utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 61 ya walio kati ya miezi 6 na 59 wana upungufu wa damu. Watoto wenye uzito uliozidi walikuwa wachache mno. Hilo ndilo fumbo. Kwamba malaria, minyoo, maji machafu, uzazi wa karibukaribu na mashamba yaliyogawanywa hadi yakawa vipande vinachangia, hakuna anayekataa, wala sina haja ya kurudia yaliyokwisha kuandikwa. Ninachouliza ni kwa nini sahani iliyo karibu sana na ile tunayoelekezwa kwayo haimkuzi mtoto.

Tufanye hesabu, kwa kuwa mjadala huu umekosa hesabu na kujaa mawaidha. Tuchukue mtu mzima anayekula kwa siku gramu 250 za maharagwe makavu na kilo moja ya viazi vitamu. Huu ni mfano wangu wa kukokotoa, si wastani uliopimwa, lakini mwenyeji wa mlimani hataushangaa. Maharagwe yatampa kalori zipatazo 830, viazi 860, jumla kama 1,700. Protini inatosheleza na nyuzinyuzi zimezidi. Mafuta je? Maharagwe yana gramu tatu au nne, viazi kama gramu moja. Gramu tano za mafuta ni kalori 45, yaani chini ya asilimia 3 ya nishati yote. Sasa tuweke kando ile 30 inayotajwa kila mahali na tuitazame namba nyingine. Wataalamu wa FAO na WHO waliokutana Geneva Novemba 2008 walithibitisha kwamba mtu mzima hapaswi kupata chini ya asilimia 15 ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, na kwamba kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, pamoja na watu wazima waliokonda, kima hicho kiwe asilimia 20. Ili sahani yetu ifike 15 inahitaji kuongezwa gramu 28 hivi za mafuta, sawa na vijiko viwili vya chakula vya mawese kwa siku. Ili ifike 20 kwa mama anayenyonyesha, vijiko vitatu. Kwa hiyo mtu huyu akiambiwa apunguze mafuta, anaambiwa apunguze kitu ambacho amekipata kwa sehemu ya tano tu ya kima cha chini.

Upungufu huo hauishii kwenye nishati. Rangi ya chungwa ya viazi vitamu vilivyoboreshwa, na kijani kizito cha isombe, ni dalili ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini haivuki ukuta wa utumbo vizuri pasipo mafuta kwenye mlo uleule. Isombe iliyochemshwa kwa maji na chumvi na isombe iliyoungwa kwa mawese ni vyakula viwili tofauti mbele ya utumbo, hata kama jani limechumwa shina moja. Na mawese yenyewe, yakiwa mekundu bado, yana karotini yake. Wapishi wa Rumonge na wa tambarare ya Imbo, kunakostawi michikichi, hawakusubiri maabara iwaambie. Kadiri mtu anavyopanda kutoka ziwani kuelekea Gitega, na kuvuka hadi Muyinga karibu na mpaka wa Kobero, mawese hupanda bei na kupungua kwenye sufuria mpaka yanageuka kuwa kitu cha sikukuu. Isitoshe, mchikichi hulisha pia viwanda vya sabuni, na tajiri wa sabuni hamngoji mama mwenye kichupa.

Hesabu inakuwa kali zaidi kwa mtoto. WHO hukadiria kuwa tumbo la mtoto mdogo hubeba kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, hawezi kula zaidi ya gramu 240 kwa mkupuo. Uji mwepesi wenye kalori 0.55 kwa gramu utampa kalori 130 na tumbo litakuwa limejaa, hata kama sufuria bado imejaa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta, chenye kalori 40, huongeza karibu theluthi ya nishati bila kuongeza ujazo wa maana. Maziwa ya mama, ambayo karibu nusu ya nishati yake ni mafuta, humlinda mtoto kwa muda. Akianza kuachishwa, anaangukia kwenye uji uleule. Ndiyo maana katika vikao vya FARN, ambapo akina mama wa kilimani hupika pamoja kwa siku 12 vyakula vinavyopatikana kwao ili kuwarudishia afya watoto waliopungua uzito, mafuta na unga wa ndagala, yaani dagaa, huingia chunguni pamoja na nafaka na majani. Je, hilo lapunguza udumavu? Uchambuzi wa Kathryn Dewey na wenzake wa 2021, uliounganisha majaribio 14 ya viongeza vidogo vyenye mafuta kwa watoto, ulikuta udumavu umepungua kwa takriban asilimia 12. Si muujiza. Tena viongeza hivyo vina vitamini na madini, kwa hiyo sifa haiendi kwa mafuta peke yake. Lakini huo ni mchango ambao hakuna hotuba ya kiasi iliyowahi kuukaribia.

Hapa ndipo ninapoachana na wachumi wa umaskini. Angus Deaton na Shankar Subramanian walionyesha mwaka 1996, kwa takwimu za Maharashtra, kwamba kaya maskini ikipata fedha zaidi za chakula, karibu nusu tu ya nyongeza hiyo huenda kununua kalori zaidi. Nusu nyingine hununua kalori za bei ghali zaidi. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, katika kitabu chao cha 2011, wamejenga juu ya matokeo hayo hoja kwamba maskini naye ana haki ya kupenda utamu na hapimi chakula kwa mizani ya daktari. Nakubali haki hiyo bila masharti. Nisichokubali ni dhana iliyofichwa humo, kwamba utamu uko upande mmoja na lishe upande mwingine. Mapochopocho ya mlimani ni yapi? Ni ndagala, yai, brosheti ya mbuzi, maziwa, isombe yenye mafuta. Vinaitwa anasa kwa sababu ya bei yake na uchache wake, lakini ndivyo vyenye mafuta, vitamini B12, kalsiamu na madini ya chuma yanayofyonzwa kwa urahisi, vitu ambavyo maharagwe na viazi havitoi vya kutosha. Ndagala huliwa mzima na mifupa yake. Mkulima anayetumia faranga zake za ziada kununua vijiko vichache vya ndagala hajaipa lishe kisogo. Pengine, na hapa najua ninapiga hatua mbele ya ushahidi, ulimi wake umeisoma sahani vizuri kuliko mwongozo wa lishe.

Siwezi kusema hivyo kuhusu kila kinachoburudisha. Sehemu kubwa ya migomba ya Burundi ni ya ndizi za pombe, na urwarwa wa ndizi pamoja na impeke ya mtama ni starehe za kilimani tangu kabla kampuni ya bia ya Brarudi haijaanza kuuza Primus. Bia hizo zina watetezi wa heshima. B. S. Platt alidai mwaka 1964 kwamba kuchachua nafaka huiongezea vitamini za kundi B, na kikemia alikuwa sahihi. Mary Douglas, katika mkusanyiko aliouhariri mwaka 1987, alitukumbusha kwamba unywaji hujenga udugu, na aliyewahi kusoma habari za harusi au mapatano ya Kirundi anajua kwamba bila chungu cha bia neno halikamiliki. Lakini Platt alichunguza kilichomo chunguni bila kuuliza chungu kinazungukia akina nani. Riboflavini, mojawapo ya vitamini hizo, inayonywewa na baba kabareni, yaani kilabuni, haimfikii mtoto wa miezi kumi na minane, na WHO ilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Sidney Mintz alikwisha kuonyesha katika utafiti wake wa sukari, uliochapwa 1985, jinsi nyama ilivyomwendea baba wa familia za wafanyakazi wa Uingereza huku mama na watoto wakishibishwa chai tamu na mkate. Starehe ina mgawanyo wake, na mgawanyo huo hauonekani kwenye wastani wa kaya.

Wapo watakaojibu kwamba urwarwa huleta fedha taslimu, na fedha hizo hununua madaftari, dawa na hata hayo mawese. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kutompiga vita mtengenezaji wa pombe ya ndizi. Swali ni fedha zinashikwa na nani. John Hoddinott na Lawrence Haddad, wakitumia takwimu za Côte d'Ivoire, walikuta mwaka 1995 kwamba sehemu ya mapato ya taslimu inayoshikwa na mke ikiongezeka, mgao wa bajeti unaokwenda kwenye chakula hupanda na ule wa pombe na sigara hushuka. Côte d'Ivoire si Gitega, lakini hata mlimani anayeamua faranga ziende wapi si lazima awe yuleyule anayelima.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa madaktari wa moyo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda, yanayohusishwa na maradhi ya mishipa, na kisukari kinaonekana mijini Burundi kama kinavyoonekana kwa majirani. Je, kuhimiza mawese si kupanda ugonjwa wa kesho? Ingekuwa hivyo kama ningependekeza bila kikomo. Vijiko viwili juu ya sahani niliyoieleza vinampeleka mlaji kwenye asilimia 15, nusu ya kima cha juu cha WHO, na mafuta yanayoganda kwenye kiasi hicho hayazidi asilimia 8 ya nishati, chini ya ile 10 iliyowekwa na shirika hilohilo. Palipo na alizeti au karanga, vizuri zaidi. Mkazi wa mjini mwenye chapati, chipsi na Fanta kila siku aendelee kuhubiriwa kiasi kama kawaida. Mahubiri hayo yalitungwa kwa ajili yake. Kosa ni kuwapa watu wawili dawa moja kwa sababu wanaishi nchi moja.

Nawaomba wanaotayarisha tafiti zijazo za lishe nchini waache kumhesabu mlaji kwa orodha ya makundi ya vyakula pekee. Wapime mafuta yanayoingia chunguni kwa gramu, waandike ni nani katika kaya aliyekula ndagala na nani aliyeachiwa mchuzi, na waweke matumizi ya kabareni kwenye dodoso lilelile la chakula cha mtoto. Na hadi watakapofanya hivyo, mhudumu wa afya anayemwambia mama wa Nyamugari apunguze mafuta anamshauri vibaya, hata kama anasoma kutoka kwenye mwongozo sahihi.