Kumi na Sita wa Kampala

Ndugu wenzangu wa zamani, nanyi mlio madarasani, kwa miaka miwili nilipokuwa Kampala kazi yangu ilikuwa kuvisaidia vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kutunza hesabu zao. Huko nilielezwa chanzo cha kazi hiyo. Mwaka 1986 Noerine Kaleeba alimwuguza mumewe, Christopher, huko Hull, Uingereza, akaona alivyohudumiwa kwa upendo. Walirejea nyumbani, Christopher akafariki Januari 1987. Mjane huyo na wenzake 15, wengi wao wakiwa wenyewe wagonjwa, wakaanza kukutana na kufarijiana. Mwaka huohuo wakaunda TASO. Dawa hawakuwa nazo. Walikuwa na miguu ya kutembeleana.

Nasi huku Kagera, walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania mwaka 1983, tuliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo! Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa historia alikonda, akawa hatoki chumbani. Tuliweka madaftari mlangoni pake, tukakimbia. Aliyasahihisha yote. Hakuna aliyeingia kumwamkia, nami ndiye niliyekuwa kiranja wa darasa.