London hadi Johannesburg: Umbali Uleule, Saa Tofauti

Tarehe 27 Februari 1920, ndege ya injini mbili aina ya Vickers Vimy ilianguka Tabora ikijaribu kupaa. Ilikuwa imeondoka Uingereza Januari 24 kuelekea Cape Town, imekodiwa na gazeti la The Times. Waliokuwemo walinusurika, ila safari iliishia hapo.

Tabora ilikuwa na uwanja kwa sababu Waingereza walikuwa wamepima njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape Town, ikipita Kisumu, Shirati, Mwanza na Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Waliokata miti na kubomoa vichuguu kwa jembe walikuwa Waafrika. Vitabuni tunakuta majina ya marubani tu, na hilo ni deni ambalo historia ya urubani haijalilipa.

Marubani wengine wawili waliotoka Uingereza kwa safari hiyohiyo, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walifika Cape Town Machi 20 baada ya siku 45, wakiwa wameharibu ndege mbili na kumalizia safari kwa ya tatu. Angani walikaa saa 109 hivi tu. Siku nyingine zote ziliishia ardhini, kwenye matengenezo na kungoja.

Mwaka 1932 shirika la ndege la Imperial Airways lilianza kubeba abiria kati ya London na Cape Town kwa siku kama 11. Usiku walilala hotelini, na kati ya Paris na Brindisi walipanda treni, maana Italia haikuruhusu ndege hizo zipite. Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, zilizotoka Southampton hadi Durban kupitia Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi ilikuwa kituo cha safari za kimataifa!

Kisha, Mei 2, 1952, ndege aina ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ikaondoka London na abiria 36: safari ya kwanza ya abiria duniani kwa ndege ya jeti. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, ikaua watu wote 35. Bati lake lilikuwa limechoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa kila safari.

Leo mstari mfupi kati ya London na Johannesburg ni kilomita 9,000 na kidogo, saa 11 bila kutua. Hata hivyo kilomita hizo hazikuwa za kila mtu. Kuanzia 1963 nchi nyingi huru za Afrika zilifunga anga zao kwa ndege za Afrika Kusini ya ubaguzi, nazo zikalazimika kuzunguka Afrika Magharibi juu ya Atlantiki, zikitua kwenye kisiwa cha Ilha do Sal kujaza mafuta. Mwaka 1976 utawala ule ulipata Boeing 747SP, ndege zenye uwezo wa kwenda mbali zaidi, ili uweze kumudu mzunguko huo. Uliendelea kuzunguka hadi ubaguzi ulipoanza kuvunjwa.