Jinsi Shirika la Mtakatifu Vinsenti lilivyoanza

Wakristu wengi wamesikia jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, yule padri wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1660. Wengine hudhani kwamba ni yeye mwenyewe aliyeanzisha lile shirika la walei linaloitwa kwa jina lake. Sivyo. Lilianza mwaka 1833, yaani miaka 173 baada ya kufa kwake, na walioanzisha walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wasio na mali. Habari zao tunaona zinafaa kusomwa pole pole, kwa sababu katika parokia zetu mara nyingi tunasikia neno hili: tungependa kuwasaidia maskini, lakini hatuna feza.

Siku zile mji wa Paris ulikuwa na taabu kubwa. Mwaka 1830 watu walimfukuza mfalme Charles X. Mwaka 1831 waliharibu nyumba ya askofu mkuu. Kisha mwaka 1832 kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 18,000 katika mji ule mmoja, na hasa katika mitaa ya maskini, ambako watu walilala wengi katika chumba kimoja na maji yalikuwa machafu.

Katika mji huo alikuwako kijana mmoja, Frédéric Ozanam. Alizaliwa Milan mwaka 1813, akalelewa Lyon, baba yake alikuwa mganga. Alifika Paris mwaka 1831 kusoma sheria. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha mazungumzo. Walikutana kubishana juu ya historia na dini, na hata wasioamini walikaribishwa. Ozanam alisema vizuri sana, akaitetea imani kwa kutaja mambo mema ambayo Kanisa lilifanya zamani. Ndipo siku moja mpinzani akamjibu. Alikubali kwamba zamani Kanisa lilifanya mema mengi, lakini akauliza: leo ninyi mnafanya nini kwa maskini?

Swali lile liliwachoma. Mmoja wao, Auguste Le Taillandier, alikuwa amekwisha kuchoka na mabishano, alitaka chama cha kutenda. Basi tarehe 23 Aprili 1833, siku ile ile Ozanam alipotimiza miaka 20, walikutana watu saba katika ofisi ya gazeti moja. Ndio hawa: Ozanam, Le Taillandier, Paul Lamache, François Lallier, Félix Clavé, Jules Devaux, na Emmanuel Bailly, mwenye gazeti. Bailly peke yake alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa karibu miaka 40, na vijana wakamweka kuwa mkubwa wao. Devaux akawa mtunza feza. Mwisho wa mkutano kofia ilizungushwa, kila mtu akatia alichokuwa nacho.

Lakini kofia yenye feza kidogo haijui njia ya kwenda kwa maskini! Vijana hawa walijua vitabu, hawakujua vichochoro. Hapa tunafika kwa mtu ambaye mara nyingi husahauliwa katika habari hii: Sista Rosalie Rendu. Alikuwa Binti wa Upendo, wa lile shirika la masista ambalo Vinsenti mwenyewe pamoja na Louise de Marillac walianzisha mwaka 1633. Alikuwa amekaa zaidi ya miaka 30 katika mtaa wa Mouffetard, mmoja wa mitaa maskini kabisa ya Paris, na alijua kila ngazi na kila mlango. Devaux akamwendea. Sista akawapa majina ya jamaa za kutembelea, akawauzia vyeti vya mkate na vya kuni ili wawapelekee. Tena akawafundisha namna ya kuingia katika nyumba ya mtu: kukaa na kusikiliza, kutomdharau mwenye nyumba kwa sababu ya uchafu au ulevi wake.

Cheti cha mkate kilikuwa tu sababu ya kubisha hodi. Ozanam alipewa jamaa ya mama mmoja ambaye mumewe alikunywa kila alichopata, akampiga yeye na watoto. Mkate ungesaidia nini pale? Siku mbili ungekwisha. Ozanam, kwa kuwa alisoma sheria, akachunguza, akakuta kwamba ndoa yao haikufungwa kwa halali, na kwa hiyo mama yule alikuwa huru kuondoka. Wakachanga nauli, akarudi kwao Bretagne na watoto wadogo. Wale wawili wakubwa wakapata kazi kwa Bailly, katika kiwanda cha kupiga chapa. Yule kijana alitoa kitu kisichopatikana katika kofia, yaani elimu yake.

Walishika desturi chache. Kila juma walikutana, wakasali, wakaeleza hali ya jamaa walizotembelea. Mchango ulikuwa wa siri, hakuna aliyejua mwenzake ametia kiasi gani. Kwetu tumezoea kusoma majina ya watoaji kwa sauti kubwa, na mwenye kidogo huona haya, akakaa nyumbani. Tena haikuwa kama likelemba. Likelemba ni kitu chema, lakini mle kila mtu anangoja zamu yake ya kupokea. Hapa hapakuwa na zamu. Mwezi Februari 1834 wakajiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti.

Kisha likaja jaribu ambalo halikutoka nje. Mwisho wa mwaka 1834 walikuwa wamepita 100. Chumba hakikutosha, na mkutano haukuweza tena kusikia habari za kila jamaa. Mwezi Desemba Ozanam akashauri wagawanyike. Wengi wakakataa kwa nguvu, na Le Taillandier, yule aliyetaka kutenda, alikuwa upande wa waliokataa. Walikuwa marafiki, walipendana, waliogopa kwamba kugawanyika ni kufa. Mikutano ya mwezi ule ilikuwa mikali, hata wengine walilia. Sisi hatuwalaumu waliokataa. Urafiki ule ndio uliowaleta pamoja, na katika mji usio na huruma ulikuwa mali yao kubwa. Lakini Ozanam aliona kwamba chama kikibaki kimoja kitakuwa cha marafiki, na maskini wa mitaa mingine watabaki bila mtu. Mapema mwaka 1835 wakakubali: kundi moja Saint-Étienne-du-Mont, jingine Saint-Sulpice. Mwisho wa mwaka ule wakaandika kanuni.

Tangu hapo likaenea upesi. Mwaka 1836 lilifika Lyon na Roma, mwaka 1844 Dublin, karibu na siku za njaa kubwa ya Ireland, na mwaka 1845 St. Louis katika Marekani. Mwaka 1861 serikali ya Ufaransa iliogopa shirika lenye watu wengi namna hii, ikavunja baraza lake kuu. Lakini makundi madogo ya parokia hayakuhitaji baraza ili kupanda ngazi za maskini. Leo shirika liko katika nchi karibu 150.

Ozanam hakupenda kuitwa mwanzilishi. Alikuwa profesa wa Sorbonne, mwenye mke na binti mmoja, alipokufa Marseille tarehe 8 Septemba 1853 kwa ugonjwa, na umri wake miaka 40 tu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1997, katika kanisa la Notre-Dame de Paris. Sista Rosalie alikufa mwaka 1856, na maskini wa Mouffetard wakamsindikiza kaburini kwa maelfu. Alitangazwa mwenye heri tarehe 9 Novemba 2003, miaka sita baada ya yule mwanafunzi aliyemfundisha kubisha hodi.