Tajiri Aliyefuata Reli

Bagamoyo ya miaka ya 1870 ilikuwa mji wa mikopo. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia walipita, jambo ambalo wasimulizi wa sifa za matajiri hupenda kuliruka; lakini kilichoiendesha biashara yote ni deni. Tajiri wa Unguja alimkabidhi mfanyabiashara majora ya merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba, naye akaahidi kulipa pembe atakaporudi kutoka bara. Utaratibu huo uliitwa mali kauli. Dhamana yake ilikuwa jina la mtu.

Kurudi kwenyewe kulikuwa bahati. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, akatembea miezi mitatu na zaidi kufika Ujiji. Njiani kulikuwa na njaa, ndui, vita na machifu waliodai hongo ya kupita. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliondoka kwenda bara mwaka 1870 akiwa na bidhaa alizokopeshwa na Taria Topan, akaonekana tena Unguja mwaka 1882. Miaka kumi na miwili mkopeshaji anangoja! Taria aliweza kungoja kwa sababu alikuwa na biashara nyingine za kumlisha, na kuanzia mwaka 1876 alishika pia mkataba wa kukusanya ushuru wa forodha wa Sultani. Mfanyabiashara mwenye mkono mmoja tu wa kipato angekwisha kufilisika msafara ungali Tabora.

Katika shule hiyo ngumu ndimo alimokulia Allidina Visram. Alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch magharibi mwa India, akafika pwani ya Afrika Mashariki mnamo mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka kama kumi na miwili. Alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, Mwismailia mwenzake aliyekuwa mkubwa wa misafara pale Bagamoyo. Mzungu aliyetaka kwenda bara, awe mpelelezi, mmisionari au ofisa wa Kijerumani, mara nyingi alipitia kwa Sewa Haji kupata wapagazi na bidhaa. Baadaye Allidina alianza misafara yake mwenyewe, akipeleka nguo na chumvi, akirudisha pembe, nta na asali, na kuacha matawi njiani, kama Tabora na Ujiji.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, hata miaka hamsini hajatimiza. Sehemu kubwa ya mali yake aliiacha wakfu kwa ajili ya wagonjwa na wanafunzi, na jina lake lingalipo Hospitali ya Muhimbili hadi leo. Biashara ya misafara ikabaki mikononi mwa Allidina. Kwa mtu wa kawaida hiyo ingekuwa siku ya kusherehekea. Yeye alikuwa amerithi kazi inayokufa.

Mwaka mmoja kabla, Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu Desemba 1901. Mzigo uliotumia miezi kichwani mwa mpagazi sasa ulitumia siku chache ndani ya behewa. Allidina hakungoja kuona itakuwaje. Alihamishia makao yake makuu Mombasa, akaanza kufungua maduka njia nzima ya reli, kisha akavuka hadi Kampala, Entebbe na Jinja. Uamuzi huo ndio unaomtofautisha na wakubwa wengi wa Bagamoyo, ambao waliendelea kuhesabu wapagazi wakati mteja amekwisha panda treni.

Maduka yenyewe yalikuwa vibanda vya mabati. Ndani kulikuwa na chumvi, sukari, viberiti, mafuta ya taa na nguo. Nyuma alilala mwenye duka, mara nyingi kijana aliyetoka Kutch au Gujarat bila kitu. Allidina alimpa bidhaa kwa mkopo na kumwachia auze. Kijana akiiva alifungua duka lake, na bidhaa akaendelea kuzichukua kwa Allidina. Kwa hiyo karani aliyeondoka hakuwa hasara, aligeuka kuwa mteja. Ni mali kauli ileile ya Bagamoyo, ila sasa tajiri alikuwa na njia ya kumfikia mdaiwa wake kwa wiki moja badala ya kumngoja miaka. Mahali ambapo benki ilikuwa haijafika, hata maofisa wa serikali walitegemea maduka hayo kupata fedha taslimu na usafirishaji.

Haikuwa raha. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, wakuu wa mji waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, na bidhaa za watu zikaenda na moshi. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, kwa hiyo tajiri wa Kihindi hakuweza kuigeuza faida yake kuwa shamba huko hata kama fedha alikuwa nazo. Allidina alielekeza nguvu Uganda. Pamba ilipoanza kushika kasi huko baada ya 1903, alijenga kinu cha kuichambua. Akakamua mafuta ya ufuta, akatengeneza soda, akamiliki vyombo vya kusafirisha mizigo katika Ziwa Viktoria. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Ufalme huo ulikuwa na kasoro moja, nayo haikuonekana maadamu mfalme yu hai. Kila uzi wa biashara uliishia kwake. Ndiye aliyejua nani akopeshwe na nani asiongezwe, tawi gani linadanganya, na afisa gani amekasirika. Safari za ukaguzi alizifanya mwenyewe, na mojawapo, kwenda Kongo, ilimrudisha na homa. Alifariki Mombasa mwaka 1916.

Mwanawe Abdulrasul alishika usukani katika miaka mibaya kuliko yote. Vita Vikuu vilikuwa vimevuruga biashara. Mwaka 1920 serikali iliiwekea rupia thamani ya shilingi 2 za Uingereza, ilhali kabla ya vita ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Mfanyabiashara mwenye deni la rupia benki aliamka akakuta deni lake, likihesabiwa kwa fedha ya Uingereza, limeongezeka kwa nusu. Muda mfupi baadaye bei za mazao zikaporomoka. Abdulrasul aliweza kujenga shule ya sekondari Mombasa kwa jina la baba yake, kisha naye akafariki mwaka 1923. Nyumba ya Allidina Visram ikasambaratika, vinu na maduka vikaenda kwa wengine.

Ni rahisi kumlaumu mtoto, na watu wa mitaani hupenda hadithi ya mwana mpotevu. Haki ni kusema kwamba Abdulrasul aliachiwa mtandao wa watu waliomwamini baba yake, na imani ya namna hiyo hairithiwi. Wahindi waliofuata Uganda walijenga kwa namna nyingine. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani akafungua chake Kakira mwaka 1930. Mitaji yao ilikaa kwenye miwa, mashine na ardhi iliyopimwa, na wana na ndugu waliingizwa kazini mapema. Muljibhai alifariki 1958, mwanawe Jayant akaendelea hadi alipofariki 1971, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia na kuchukua mali zao. Katika miaka ya 1980 koo zote mbili zilirudi, zikakuta mitambo imechakaa na mashamba yamemezwa na magugu, zikaanza upya. Sukari ya Lugazi na ya Kakira ingali inauzwa madukani Uganda.