Rangi za Nyota: Mzozo Uliotokana na Jicho

Mei 1842, mjini Prague, mwanafizikia wa Austria Christian Doppler aliwaeleza wasomi wenzake kwa nini nyota pacha huonekana zenye rangi tofauti: inayotujia hugeuka buluu, inayotukimbia hugeuka nyekundu. Kanuni ile ya mwendo kubadili mwanga bado inafundishwa vyuoni. Kuhusu rangi za nyota, hata hivyo, Doppler alikosea kabisa, kwani mwendo wa nyota hizo ni mdogo mno kubadili rangi mbele ya macho yetu.

Lakini je, rangi zenyewe zilikuwa za kuaminika? Mwanaastronomia William Herschel aliziona nyota nyingi zikiwa na wekundu, kumbe kioo cha darubini yake, kilichoyeyushwa kwa shaba na bati, ndicho kilichozipaka. Wilhelm Struve, huko Dorpat, leo Tartu nchini Estonia, alitumia darubini ya lenzi, naye akaandika hata rangi ya zeituni yenye wekundu kidogo! Mwanamaji Mwingereza William Henry Smyth alizipa rangi za nyota majina ya vito, na mwaka 1864 akachapisha kitabu kizima juu ya rangi hizo. Wengine walizitazama nyota zizo hizo wasione alichokiona.

Wote walikuwa makini. Tatizo lilikuwa jicho. Mwaka 1866 Mjerumani Max Schultze alieleza kuwa nyuma ya jicho kuna chembe za aina mbili: za usiku, zisizotambua rangi, na za rangi, zinazohitaji mwanga wa kutosha. Ni nyota angavu tu zinazoziamsha hizi za pili. Tena nyota hafifu ikikaa ubavuni mwa nyota ya rangi ya chungwa, jicho huipaka ubuluu au ukijani ambao haina.

Padri Angelo Secchi wa Roma alikwepa mtego huo kwa kuutawanya mwanga wa nyota na kuzipanga kwa mistari iliyomo. Annie Jump Cannon wa Harvard akaendeleza upangaji, na mwaka 1925 Cecilia Payne akathibitisha kwamba mpangilio ule ni wa joto. Betelgeuse, nyekundu, ina kelvini 3,500 hivi. Rigel, ya samawati, takriban 12,000.

Zote mbili ziko katika kundi la Orion, ambalo Januari, saa tatu usiku, huwa karibu na utosi kwetu Afrika Mashariki. Zilinganishe. Ukiwa na darubini ya mkononi, iondoe kidogo kwenye fokasi: nukta ya nyota itatanuka na rangi itaonekana vizuri zaidi.