Heraclius na Herekali: Nafasi ya Historia ya Bizanti katika Uhakiki wa Utendi wa Tambuka

Watafiti wa tendi za Kiswahili wanapoufikia Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali kama unavyoitwa pia, hueleza kwa kawaida mambo matatu. Husema kwamba utungo huu wa Mwengo wa Athumani una beti zaidi ya 1100. Kwamba muswada wake uliohifadhiwa Hamburg una tarehe ya mwaka 1141 Hijria, yaani 1728. Na kwamba uliandikwa Yunga, katika jumba la mfalme wa Pate. Baada ya hapo huhamia kwenye fani na sifa za shujaa. Kuhusu Herekali, ambaye jina lake ndilo lililokipa chuo jina, huandikwa sentensi moja tu: alikuwa mfalme wa Kikristo wa Roma aliyepigana na Waislamu. Makala haya yanadai kwamba sentensi hiyo imeudhuru uhakiki wetu, na kwamba mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuuelewa utendi huu hana budi kuisoma historia ya Bizanti kwa makini yale yale anayoyatumia kusoma arudhi.

Tuanze na neno Roma. Heraclius hakutawala kutoka mji wa Roma. Makao yake yalikuwa Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, na lugha ya watu wake wengi ilikuwa Kigiriki. Hata hivyo wao wenyewe walijiita Warumi, na Waarabu wakawaita Rum, jina ambalo msomaji wa Kurani analikuta katika sura ya 30. Istilahi ya Bizanti ilienea baadaye miongoni mwa wasomi wa Ulaya, kuanzia kazi ya Hieronymus Wolf ya mwaka 1557, zaidi ya miaka 100 baada ya dola yenyewe kuangushwa mwaka 1453. Kwa hiyo mapokeo ya Kiarabu aliyoyarithi Mwengo yaliwataja watu hawa kwa jina lililo karibu zaidi na walivyojiita kuliko jina linalotumiwa na vitabu vyetu vya historia. Mhakiki anayeitafsiri Rum kuwa Roma ya Papa huwa tayari ameuhamisha utendi hadi mahali pengine, na hatua inayofuata, ile ya kumfanya Herekali kuwa Mreno, humjia kwa wepesi usiostahili.

Maisha ya Heraclius yanaweza kusimuliwa kwa ufupi. Baba yake alikuwa gavana wa jimbo la Afrika, na ni kutoka Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, ambako mwana alisafiri na merikebu zake kumwondoa mnyang'anyi Phocas. Alitawazwa Oktoba 610. Waajemi wa nasaba ya Sasani waliuteka Yerusalemu mwaka 614 na kuuchukua Msalaba ulioaminiwa kuwa ndio aliosulubiwa Yesu. Mwaka 619 wakaichukua Misri. Mwaka 626 Konstantinopoli yenyewe ilizingirwa, Kaizari akiwa mbali vitani. Kisha mambo yakageuka: alishinda karibu na Ninawi Desemba 627, Khosrow II akapinduliwa na kuuawa mwaka 628, na Msalaba ukarudishwa Yerusalemu mwaka 630. Lau angekufa mwaka huo, angekumbukwa kama mshindi asiye na doa. Aliishi hadi 641. Majeshi yake yalishindwa Yarmuk mwaka 636, Shamu ikapotea, na alipokufa Misri nayo ilikuwa ikiponyoka. Nikephoros, aliyekuwa patriaki wa Konstantinopoli mwanzoni mwa karne ya 9, anasimulia kwamba mzee huyu aliporudi kutoka Shamu aliiogopa bahari hata akakaa ng'ambo asithubutu kuvuka. Ikabidi mashua zifungwe pamoja kuwa daraja, na kingo zake zizibwe kwa matawi ili asiyaone maji.

Huyo ndiye Heraclius wa wanahistoria. Herekali wa utendi yuko wapi katika maisha haya? Utendi unasimulia vita vya kulipiza kisasi cha Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa Muta. Mtume anampelekea Herekali barua ya kumwita katika Uislamu, Herekali anakataa, na majeshi yanakutana Tambuka, yaani Tabuk. Hapa ndipo historia inapokuwa na mengi ya kutueleza, nasi tunapaswa kuisikiliza kwa utulivu.

Vita vya Muta vilipiganwa mwaka 629, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira wa karne ya 8 ambaye kazi yake imetufikia hasa kupitia kwa Ibn Hisham, anasema kwamba Waislamu walikuwa 3,000, na kwamba walipata habari kuwa Herekali amepiga kambi Maab na Warumi 100,000, wakiungwa mkono na Waarabu wa makabila ya mpakani 100,000 wengine. Theophanes, mtawa aliyeandika tarikh yake kwa Kigiriki mwanzoni mwa karne ya 9, naye anavitaja vita hivyo, lakini kwake ni mapigano ya mpakani yaliyoongozwa na afisa aitwaye Theodore. Kaizari hayumo kabisa. Jambo hilo si la ajabu, kwani mwaka huo Heraclius alikuwa akishughulika na kuondoka kwa Waajemi katika majimbo yaliyokuwa yamerudi mikononi mwake. Kuhusu Tabuk, sira yenyewe iko wazi: Mtume alitoka na jeshi mwaka 630, hakumkuta adui, akafanya mapatano na watu wa Ayla na miji mingine ya kaskazini, akarudi Madina. Mapigano makubwa hayakuwako. Zaidi ya hayo, sira inasema kwamba Ali aliachwa Madina safari hiyo kuangalia jamaa za Mtume. Katika utendi, Ali yumo vitani, na upanga wake ndio unaoamua.

Mbele ya tofauti hizi, uhakiki wetu umekuwa ukifuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba utendi ni historia, kisha kuupuuza ushahidi unaopingana nao. Ya pili ni kusema kwamba utendi ni ngano ya kidini iliyochukuliwa kutoka kwa Waarabu, na kwamba historia haina la kufanya hapo. Njia hii ya pili ilipewa nguvu na utafiti wa Rudi Paret, aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba utendi una chimbuko katika masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, na na uhariri wa Jan Knappert wa mwaka 1958. Kazi hizo ni muhimu na hakuna anayeweza kuzikwepa. Lakini ziliwaacha wengi wakiamini kwamba, chimbuko likishapatikana, swali limekwisha. Kwa maoni yangu ndipo linapoanza. Masimulizi ya maghazi nayo yalitoka wapi? Kwa nini katika miaka iliyofuata safari isiyo na mapigano iligeuka kuwa vita vikubwa kuliko vyote?

Jibu halipatikani kwa kuusoma utendi peke yake. Yarmuk ilikuwako kweli. Shamu ilipotea kweli. Kilichofanyika katika masimulizi ni kwamba ushindi wa mwaka 636, uliopatikana baada ya Mtume kufariki, ulivutwa nyuma hadi uhai wake, ukapandwa mahali pa safari ya 630 na kupewa sababu ya 629. Hili halikuanza na ngano za baadaye: hesabu za Ibn Ishaq za askari 200,000, na Kaizari mwenyewe akiwa karibu na uwanja wa vita, zinatuonyesha kwamba kazi ya kuikuza Muta ilikuwa imeanza tangu karne ya 8. Mwanafunzi asiyejua kilichotokea baina ya 629 na 636 hawezi kuona kwamba utendi umeikunja miaka hiyo saba ikawa vita vimoja. Ataona uongo mahali penye muhtasari.

Wala wasidhani wasomaji wa Mwengo kwamba kukuza huku ni tabia ya washairi wa Kiislamu tu. Mtu wa kwanza kumfanya Heraclius mhusika wa utendi alikuwa raia wake mwenyewe. Georgios wa Pisidia, shemasi katika kanisa kuu la Hagia Sophia, alizitungia vita vya Uajemi tungo ndefu katika mizani ya silabi 12. Katika tungo hizo Kaizari analinganishwa na Musa na Nuhu, na pia na Herakles, yule shujaa wa Wagiriki ambaye jina lake limo ndani ya jina la mfalme. Baadaye Theophanes aliichukua miaka sita ya vita na kuilinganisha na siku sita za uumbaji, na kurudi kwa mfalme mjini na siku ya saba ya mapumziko. Hii ni fasihi ya ikulu, iliyotungwa kwa ajili ya masikio ya mtawala na kuyaona mapenzi ya Mungu katika kila ushindi. Muswada wa Mwengo nao uliandikwa katika jumba la mfalme. Sisemi kwamba mmoja alimjua mwingine, hata kwa mbali. Nasema kwamba Utendi wa Tambuka unastahili kulinganishwa na tungo za Georgios, ambazo ni za jinsi yake, badala ya kuhukumiwa kila mara mbele ya kitabu cha tarehe. Ukilinganisha hivyo unaona jambo jingine. Georgios hana utungo wowote kuhusu Yarmuk. Mshairi wa ikulu ya Warumi alinyamaza pale ambapo washairi wa upande wa pili walianza kuimba.

Upande huo wa pili nao haukuwa na sauti moja, na hapa ndipo mhakiki anapopata nyenzo bora zaidi. Katika Sahihi ya Bukhari, kwenye mlango wa kwanza kabisa, Herekali anamwita Abu Sufyan na kumuuliza maswali juu ya Mtume: nasaba yake, wafuasi wake, iwapo huvunja ahadi. Kutokana na majibu anatambua kwamba huyu ni Mtume wa kweli, lakini wakuu wake wanapoghadhibika anarudi nyuma kwa kuuhofia ufalme wake. Waandishi wa futuhi nao wanamwonyesha akiiaga Shamu kwa huzuni, akijua kwamba hatairudia tena. Nadia Maria El Cheikh ameonyesha katika utafiti wake wa mwaka 1999 jinsi Herekali huyu mwenye hekima alivyotumiwa na waandishi wa Kiislamu kama shahidi: ikiwa mfalme wa Rum aliutambua utume, nani ataupinga? Kwa hiyo kulikuwa na Herekali wawili katika maktaba ya Kiislamu, mwenye busara na mkaidi. Simulizi aliloliandikia Mwengo linamhitaji mkaidi. Huo ni uteuzi, na uteuzi ni kitendo cha kifasihi ambacho hatuwezi kukitambua mpaka tujue kwamba Herekali wa aina nyingine alikuwako. Vivyo hivyo kwa Wakristo wa Ulaya Magharibi, ambao walimwona kuwa ndiye aliyeurudisha Msalaba: Gautier d'Arras alimtungia hadithi ya Kifaransa katika karne ya 12, na Piero della Francesca akamchora mjini Arezzo katika karne ya 15.

Linabaki swali la Pate. Imezoeleka kusemwa kwamba hadhira ya mwaka 1728 iliposikia habari za Herekali iliwafikiria Wareno. Huenda baadhi walifanya hivyo. Lakini mwaka ule ule Wareno waliirudia Mombasa na kuishika Ngome ya Yesu hadi Novemba 1729, na waliirudia wakiwa na Pate kama mshirika, kwa kuwa ugomvi mkubwa wa Pate wakati huo ulikuwa na Waomani. Mfalme ambaye katika jumba lake uliandikwa utendi wa kuwaponda wafalme wa Kikristo alikuwa na mapatano na wana wa mfalme wa Kikristo. Tutaueleza vipi ukinzani huo? Yawezekana kwamba utendi uliihakikishia hadhira, na hasa wanazuoni wake, kwamba Pate haijaacha dini kwa sababu ya siasa. Yawezekana pia kwamba hadhira iliweza kutofautisha Rum ya zamani na Ureno ya leo yao, kuliko tunavyoweza sisi. Binafsi naegemea rai ya kwanza, ingawa ya pili isitupwe. Istiari nyepesi ya Herekali-Mreno haiwezi kuzibeba rai hizi.

Kwa idara zetu, matokeo yake ni ya kivitendo. Haiwezekani kumtaka kila mwanafunzi wa uzamili ajifunze Kigiriki, Kisiria na Kiarmenia, ingawa historia ya Kiarmenia inayonasibishwa na Sebeos, ya karne ya 7, ni miongoni mwa mashahidi wetu wakuu wa miaka hii. Kazi za Theophanes, Nikephoros na Sebeos zimetafsiriwa na kufafanuliwa, na wasifu wa Heraclius ulioandikwa na Walter Kaegi (2003) unamwelekeza msomaji katika vyanzo vyote vikuu. Kiarabu, kwa upande mwingine, wanafunzi wetu wengi kutoka Lamu, Mombasa na Malindi wanakuja nacho tayari, na mara nyingi hawaulizwi wakitumie. Tasnifu ambayo haijaandikwa ni ile itakayoliweka simulizi la maghazi la Tabuk upande mmoja, sira ya Ibn Hisham upande wa pili na tarikh ya Theophanes upande wa tatu, na kuufuata utendi ubeti kwa ubeti: hapa Mwengo ameifuata ngano, hapa ameipunguza, hapa amesema lake. Hapo ndipo mjadala wa kama Mwengo alikuwa mfasiri au mtunzi utakapopata ushahidi wa kuuamulia.